Mbegu Isiyo na Siku ya Kupandwa

Mama yangu hakuwahi kuweka mbegu zake zote chini ya paa moja. Kila alipovuna maharage alichambua yaliyo mazuri, akayaanika, akayachanganya na majivu, kisha akayagawa mafungu. Fungu moja lilibaki kwetu ndani ya chungu, kwenye dari la jiko ambako moshi haukatiki. Mengine aliyabeba kichwani kuyapeleka kwa majirani. Hakuwa anagawa zawadi. Alikuwa anaweka amana. Majirani nao walileta za kwao, hivi kwamba dari letu lilikuwa na vyungu vya watu vingi kuliko vyetu, na sisi watoto tulivijua kwa sura: chenye ufa ni cha nyumba ile, kilichofunikwa kwa jani la mgomba ni cha mjane wa kule juu.

Kanuni zake zilikuwa chache na hakuna aliyewahi kuziandika. Mbegu ya jirani hailiwi, hata watoto wakilia. Fukusi wakiingia kwako, au jiko likiungua, unakwenda kuchukua amana yako na hakuna wa kukuuliza swali. Lakini mwenye mbegu akishapanda, na shamba lake likaota, basi zilizobaki kwako ni zako. Pika, ule. Ndiyo asante ya kutunza.

Ninaanza na mbegu kwa sababu watu huniuliza, mwanamke niliyeishia kidato cha pili, nilijifunzia wapi mambo ya nyaraka za serikali na tovuti. Nilijifunzia jikoni kwa mama.

Baba alitutoka kwanza. Mama alimfuata nikiwa kidato hicho cha pili, na mdogo wangu wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Baada ya mazishi ndugu wa baba walikaa uani wakatugawa kama wagawavyo vyombo. Mimi ningepelekwa Kigoma mjini kufanya kazi za ndani, mdogo wangu wa kiume angekwenda kwa baba mkubwa, wa mwisho angechukuliwa na shangazi. Waliyasema hayo kwa upole, na nadhani hawakuwa na nia mbaya. Wakiwa bado wanapanga, majirani wakaanza kuingia na vyungu. Mmoja, mwingine, na mwingine tena. Walikuwa wanarudisha mbegu za mama. Nyumba nyingine sikujua hata kama aliwahi kuweka kitu kwao. Vyungu vilipokwisha kupangwa pale uani niliona tuna mbegu za kutosha shamba letu lote, nikapiga magoti mbele ya wazee kama inavyotakiwa, nikasema hatugawanyiki. Baba mkubwa alicheka, akauliza ni nani atakayetulea. Nikasema mimi. Akasema nitakuwa mlangoni kwake kabla ya mavuno.

Mlango wake naujua, nakwenda kumsalimia. Kumwomba sijawahi.

Shamba la baba liko mlimani, na jembe likishuka linagonga mawe. Lilitupa muhogo na maharage, lakini kilichotulea ni bonde. Kijiji chetu kiko pembeni mwa njia ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo. Sitakitaja, wala sitaitaja halmashauri yake, kwa kuwa yaliyotupata yangeweza kuipata yoyote. Chini ya kijiji kuna bonde lenye udongo mweusi na chemchemi isiyokauka. Kiangazi kinapofanya vilima vyote kuwa vyekundu, bonde linabaki na maji ya kumwagilia.

Mwaka uliofuata msiba wa mama, wataalamu walikuja kutengeneza mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Walituambia tukichore kijiji chetu chini, kwenye uwanja wa shule, ili kila mtu akione. Wanaume walichora njia na mipaka kwa majivu. Mashamba na mabonde yakachorwa kwa unga wa muhogo, na unga wa upande wetu ulitoka jikoni kwangu kwa sababu nyumba yangu ilikuwa karibu. Ubishi ulikuwa mkubwa. Wenye ng'ombe walilitaka bonde, wenye mashamba makubwa nao walilitaka. Niliinua mkono, mdogo wangu wa mwisho akiwa mgongoni. Nikasema mwenye shamba pana anaweza kungoja mvua, lakini sisi wenye vipande vya mawe kiangazi kinatuua, na bonde ndilo dawa ya kiangazi. Jirani yetu mmoja, bibi aliyekuja toka Burundi akiwa binti na sasa ni raia kama mimi, alisimama baada yangu bila kusema neno. Alisimama tu. Wajane wengine wakasimama naye. Mkutano mkuu ukapitisha kwamba bonde ni la bustani za kaya zisizo na ardhi ya kutosha, na chemchemi haiguswi. Halmashauri ikapiga mhuri.

Kabichi, vitunguu na nyanya za bonde lile ndizo zilizompeleka mdogo wangu wa kiume chuo cha ualimu Kasulu. Ndizo zinazomsomesha wa mwisho sekondari. Nikisema bonde, sisemi mandhari. Nasema watoto wawili niliowakatalia wazee wasigawanywe.

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyenionyesha tovuti ya halmashauri, likizo moja alipokuja na simu ya tachi. Kulikuwa na picha za viongozi wakikata utepe, matangazo ya zabuni, na chini kabisa, mahali palipoandikwa Nyaraka, palikuwa na mpango wetu. Nikaubonyeza. Ukafunguka taratibu kutoka juu, kama mtu anayekunjua mkeka. Ilikuwa ramani ile ile tuliyoichora kwa majivu, sasa kwa rangi, na bonde letu lilikuwa la kijani. Pembeni yake maneno ya mkutano yalikuwa yameandikwa kama tulivyoyasema.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimezoea kwamba karatasi za serikali zinakaa kwenye kabati la mtu, na mtu huyo ana ufunguo, na ufunguo uko nyumbani kwake, na nyumbani kwake amesafiri. Hii ilikuwa wazi. Mtu wa Dodoma angeweza kuisoma, na mimi pia, nikiwa nimevaa kandambili. Nilipopata simu yangu ya tachi, iliyokwisha kutumiwa na mtu, nilikuwa nanunua bando kwa ajili ya kuutazama mpango ule tu, kama mtu anavyopita shambani jioni bila jembe.

Mdogo wangu alinicheka. "Dada, hapo hakuna nyani wa kufukuza."

Nikamuuliza nani ameuweka pale. Akasema serikali. Nikamuuliza nani anaweza kuuondoa.

"Serikali ikiondoa cha kwake, wewe utafanya nini?"

"Cha kwake kivipi? Unga uliouchora ulitoka jikoni kwangu."

Alinitazama, kisha akanionyesha namna ya kuupakua.

Nilipokuwa nao kwenye simu yangu nilifanya kile ambacho mama angefanya. Niliupeleka kwa majirani. Mwalimu wa kwaya alikuwa na simu nzuri, nikamtumia. Fundi cherehani wa sokoni, nikamtumia. Kijana mmoja wa bodaboda anayelima jirani na mimi bondeni, nikamtumia. Nikautuma pia kwenye kundi la familia, ambalo yumo mama mdogo, mdogo wake mama anayeishi Kibondo. Kila mmoja nilimwambia neno lile lile: nimekuletea mbegu, niwekee. Walicheka lakini walielewa. Huku kwetu huna haja ya kueleza amana.

Bibi wa jirani hakuwa na simu hata ya vitufe, kwa hiyo nilimpita. Aliposikia alinijia na fimbo yake.

"Mama yako alikuwa ananipita?"

Nikamweleza kwamba kitu chenyewe kinahitaji simu.

"Mbegu inahitaji shamba," akasema. "Chungu hakihitaji shamba."

Simu ya zamani ya mama ilikuwa imekufa, lakini memori kadi yake nilikuwa nayo, ina nyimbo za kanisani alizopenda. Fundi simu wa gulioni akautia mpango humo pamoja na nyimbo, nikampelekea bibi kile kikadi kidogo kama ukucha. Akakizungusha mkononi, akauliza kama kinaogopa majivu. Nikasema sijui. Akasema basi tutajua.

Maisha yakaendelea. Siku moja nikimwagilia, simu iliniponyoka kifuani ikatumbukia kwenye kisima cha bustani. Fundi aliifufua, akanirudishia ikiwa tupu kama mtoto mchanga, hata kundi la familia halimo. Sikuhangaika. Mpango ulikuwa kwenye tovuti, na mbegu zilikuwa kwa majirani.

Kisha tukapata mwenyekiti mpya wa kijiji. Sitamsema vibaya. Ni mtu wa maendeleo, anaamka mapema, na kisima cha shule ni juhudi yake. Lakini aliletewa mtu mwenye pampu kubwa aliyetaka kulima mpunga bonde zima na kukilipa kijiji, naye akaona neema. Aliitisha mkutano akatueleza. Darasa lingeezekwa, zahanati ingepata choo. Waliolima bondeni wangeajiriwa vibarua katika bustani zao wenyewe. Hilo la mwisho alilisema haraka.

Nikasimama nikasema bonde lina mpango wake uliopitishwa na mkutano mkuu. Akauliza mpango upi. Nikasema uko ofisini. Mtendaji akafungua kabati mbele yetu, akatoa kitu kama kichuguu chenye jalada. Mchwa walikuwa wameupanga upya. Watu wakacheka, na mimi pia nilicheka kidogo, kwa kuwa bado nilikuwa na tovuti.

Nikasema uko kwenye tovuti ya halmashauri. Mwenyekiti akatoa simu yake mwenyewe, akatafuta kwa muda, akawa anapanda juu ya benchi kutafuta mtandao. Tovuti ilikuwa mpya, rangi mpya, picha mpya. Mahali pa Nyaraka palikuwepo. Alipobonyeza, akageuza simu tuone. Ukurasa unaoutafuta haupatikani.

"Dada," akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, "siku hizi serikali iko wazi. Kila kitu chake kimo humu. Kisichomo humu hakipo."

Mtu nyuma yangu akasema, "Basi na wewe mwenyekiti jitafute, tujue kama upo."

Kicheko kilikuwa kikubwa, mwenyekiti naye akacheka. Lakini alipomaliza kucheka alisema mkataba utasainiwa baada ya vitunguu vya bondeni kuvunwa, isipokuwa mtu akileta huo mpango. Nilisema nitauleta. Nilisema kwa sauti ya kutosha ili nisiweze kurudi nyuma.

Neno lake lile nilikwenda nalo njia nzima ya kurudi nyumbani. Kisichomo humu hakipo. Mama hayumo humo. Baba hayumo. Mkono wangu niliouinua, na bibi aliyesimama bila kusema neno, havimo. Nikasema moyoni: tutaona.

Nilianza kwa mwalimu wa kwaya. Alinikaribisha, akanipa kiti, nikamwomba amana yangu. Akashangaa.

"Si ulishapanda?"

Sikumwelewa. Akanieleza kama anayemweleza mgeni. Aliviona vitunguu vyangu vimeota, amepita bondeni kwa macho yake. Kwa hiyo akajua mbegu imeruhusiwa. Alikuwa anahitaji nafasi ya kurekodi kwaya, akaufuta. "Nilikula," akasema, na akaniambia asante, maana ndivyo inavyosemwa.

Fundi cherehani naye alikula. Aliongeza kwamba alingoja mpaka kabichi zangu zikafunga, asije akaonekana mroho. Kijana wa bodaboda alikula siku ile ile alipoona nimeanza kumwagilia.

Nilikaa kwenye jiwe nje ya banda la cherehani nikitafuta wa kumkasirikia, nikamkosa. Walikuwa wameitunza kanuni kuliko mimi. Niliita kitu mbegu, wakakitendea kama mbegu. Sikuwaambia kwamba hii haina siku ya kupandwa. Haragwe ukishalipanda limekwisha kazi yake, lakini neno la mkutano unalihitaji kila msimu, na siku utakayolihitaji haitangazwi.

Kwa bibi nilikwenda bila tumaini. Alikuwa anamenya muhogo. Nilipomwambia kilichonileta aliacha kisu, akachukua fimbo, akaingia jikoni. Nilisikia akihamisha vyungu darini na kulalamika kuhusu mgongo wake. Akarudi na chungu kidogo, akatia mkono kwenye majivu mpaka kiwikoni, akatoa maharage, kisha kitambaa kilichofungwa kwa uzi.

Nikamuuliza kwa nini hakula, ilhali bustani yangu ilikuwa imeota miaka yote hiyo mbele ya macho yake.

"Nimeona mashamba yaliyoota," akasema, "na waliopanda wakafukuzwa usiku na watoto mgongoni. Tangu hapo sili mpaka mwenyewe aje aniambie, kula. Umekuja kuniambia nile?"

"Hapana, bibi."

"Basi chukua."

Niliipeleka kadi kwa fundi simu siku ya gulio. Aliipuliza, akaifuta kwa shati, akaitia kwenye simu. Kwanza zilikuja nyimbo za mama, na ilibidi nitazame pembeni kidogo. Kisha mpango ukafunguka. Bonde lilikuwa bado la kijani.

Halmashauri nilipokelewa na afisa wa kompyuta, kijana wa umri wa mdogo wangu, mwenye adabu. Alinieleza kwamba walihamia tovuti mpya, na nyaraka za zamani zilibaki kwenye mashine ambayo baadaye ilikufa. Hakuna aliyezifuta kwa makusudi. Hakuna aliyezihamisha pia.

"Hakuna aliyewahi kuziulizia," akasema.

"Mimi naziulizia."

Akaiangalia kadi yangu, akasema jambo lililonikera: atajuaje kwamba sijabadilisha kitu? Mtu mwenye kompyuta anaweza kupaka bonde rangi anayotaka. Nilitoka pale nimefura. Lakini njiani hasira ilipungua, kwa kuwa hata mama, akitilia shaka mbegu kwamba imechanganyika, alikuwa anakwenda kuilinganisha na ile iliyolala nyumba nyingine. Kijana alikuwa na haki. Nilihitaji mbegu ambayo haikupita mikononi mwangu tena.

Nikapanda basi kwenda Kibondo kwa mama mdogo. Ni mwanamke mnene, mcheshi, anauza dagaa na mawese, na simu yake imejaa hata kupiga ni tabu. Alipoona ninafungua kundi la familia akaniambia nisiguse kitu, yeye hafuti salamu za watu, maana akifuta atamjibu nani. Tukaanza kupanda kurudi nyuma. Tulipita heri za Pasaka, tanzia, picha za watoto wa ubatizo, tanzia nyingine, mchango wa harusi, mtu aliyetuma nyimbo kwa makosa, watu waliomsuta. Mama mdogo alisoma kila tanzia upya na kusikitika upya, kwa hiyo safari ilikuwa ndefu. Na pale, katikati ya heri ya mwaka mpya na pole za msiba, ulikuwepo mpango wetu, na chini yake shemeji mmoja alikuwa ameuliza, "Hii ni nini tena?" na hakuna aliyemjibu.

"Hii ndiyo iliyokutoa vitunguuni?" akauliza mama mdogo.

Nikasema ndiyo. Akanipa simu yake niende nayo, akasema wateja wake wanajua njia.

Yule afisa alifungua kadi ya bibi upande mmoja na simu ya mama mdogo upande mwingine, akapita ukurasa kwa ukurasa. Alipofika mwisho alivua miwani, akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa alikuja, mtu mzima mwenye haraka, akasema niandike barua ya maombi, iingie kwenye utaratibu, nitajibiwa.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Barua ya kuomba nini? Sikuja kuomba. Nimekuja kuwarudishia kilichokuwa chenu."

Akasema mama, ofisi ina utaratibu. Nikasema nitausubiri hapo hapo. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Walipofunga nilitoka, walipofungua niliingia. Wafanyakazi walizoea kunisalimia. Mwanamke mmoja wa masijala alinishika bega akaniambia watu huwa wanachoka. Nikamwambia mimi niliacha shule ili nilee watoto wawili, na mmoja bado analelewa, kuchoka sijapangiwa. Wajane wa bondeni waliposikia nimekaa walianza kuja kwa zamu kukaa nami, wakiwa na mihogo ya kuchemsha. Benchi likajaa. Mkubwa alikuwa analazimika kuturuka miguu akienda ofisini kwake.

Hakuna aliyenipa hotuba. Asubuhi moja yule afisa alitoka, akachuchumaa mbele yetu, akatuonyesha simu yake. Tovuti mpya, mahali pa Nyaraka, mpango wetu. Akasema ameuweka pia mahali pa pili na pa tatu, na mkubwa amekubali atafute mipango ya vijiji vingine iliyopotea pamoja na wetu. Nikamuuliza ataitafuta wapi. Akacheka, akasema labda kwenye vyungu.

Mkutano ulipofika nilimwomba mwenyekiti asome yeye, kwa simu yake. Alisoma vizuri, ana sauti nzuri. Alipofika kwenye bonde alipunguza mwendo. Bustani za kaya zisizo na ardhi ya kutosha. Chemchemi haitaguswa. Akashusha simu, akasema, "Sawa. Sasa upo."

"Ulikuwepo, mheshimiwa mwenyekiti. Ungekuwepo hata simu zote zingezimika. Ulikuwa kwa bibi."

Bibi alikuwa amekaa mbele. Watu walipogeuka kumtazama alikunja uso kama anayeombwa mkopo.

Mkataba haukusainiwa. Mwenyekiti alisema, na hapo namheshimu, kwamba mpango unaweza kubadilishwa na mkutano mkuu, na kwamba siku moja ataleta hoja tena. Ana haki hiyo. Alete. Tutachora upya uwanjani kwa majivu na unga, mchana, kila mtu akiona, na nitainua mkono tena. Nitakachokataa ni kupokonywa bonde na ukurasa usiopatikana.

Siku hizi nikienda gulioni watu huniletea simu zao. Siyo mpango wa ardhi peke yake tena. Sheria ndogo za ushuru, tangazo la maji, ratiba za kliniki, mihtasari ya baraza la madiwani: chochote halmashauri inachoweka, sisi tunakipakua na kukigawa nyumba hadi nyumba, na nyingine zimevuka hadi Kasulu mjini na Kibondo. Mdogo wangu aliyenicheka kuhusu nyani anawafundisha wanafunzi wake kufanya hivyo hivyo. Na kila ninayemkabidhi namwambia kanuni mpya, asije akasingizia bustani yangu kuota: hii hailiwi. Mwalimu wa kwaya aliuliza, hata simu ikijaa? Nikamwambia afute kwaya. Hajanisamehe vizuri.

Kadi ya mama niliirudisha mwenyewe. Nilimkuta bibi uani na chungu chake kidogo, majivu mapya yamechekechwa tayari, kama mtu aliyekuwa na miadi. Aliitazama kadi pande zote mbili, akahakikisha ni ile ile, akaifunga kwenye kitambaa.

"Umekuja kuniambia nile?"

"Hapana, bibi. Siyo mwaka huu, wala ujao."

"Mimi ni mzee. Nikifa?"

Nikamwambia chungu kitakuja kwangu, na kutoka kwangu kitakwenda kwa mdogo wangu wa mwisho, na hakuna atakayekula. Akaitikia kwa kichwa, akausukuma mkono ndani ya majivu mpaka kiwikoni, kisha akanipa chungu nikipandishe darini, kwa kuwa mgongo ulikuwa unamsumbua.